Ua la Kutambaa na Mashina Arobaini ya Mbololo

(Maneno ya mfanyakazi wa jamii wa parokia mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, kwa sababu vikundi kadhaa vimeyaomba.)



 Najua leo ni siku ya soko na kuna waliowaachia jirani zao ndizi wawauzie, kwa hiyo sitawaweka mpaka jua lizame.

Kwenye ratiba imeandikwa "Miradi ya Mapato". Nitazungumza juu ya mapato, ndiyo, lakini kwa njia ya ua moja tu. Hebu vumilieni.

Miezi michache iliyopita alinijia mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa upande wa Mbololo. Amenipa ruhusa nieleze habari hii, ila jina nisitaje. Aliketi, akakataa chai, nikajua kuna jambo. Akaniambia, "Mwanangu, kuna kijana alitujia na picha kwenye simu. Ua zuri ajabu, liko dirishani kwa Wazungu, limening'inia kama nywele za bibi arusi. Akasema mama yake ua hilo anatoka kwetu msituni, na kila shina atalinunua shilingi 50."

Nikamuuliza, "Na nyinyi mkafanyaje, mama?"

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mashina arobaini yako kwenye karai nyuma ya nyumba yangu. Kijana hajarudi. Na sasa mzee mmoja ametutisha kwamba tutashikwa."

Basi ndugu zangu, habari yangu ya leo ilianzia kwenye karai hilo.

Nilichukua muda kuuliza na kusoma juu ya ua hili, kwa maana mimi nilisomea diploma ya kazi za jamii, si elimu ya mimea. Niliyoyapata nitawaeleza kwa urefu, kwa sababu ni habari yetu wenyewe na wengi wetu hatujawahi kuambiwa.

Ua lenyewe huitwa violeti ya Afrika. Wajerumani huliita violeti ya Usambara, na hapo wamekaribia ukweli zaidi. Ni mmea mdogo, majani yake manene yana vinyweleo kama sikio la mtoto wa ng'ombe, na maua yake ya asili ni ya buluu inayokaribia zambarau. Haupendi jua kali. Huko porini hushika kwenye mwamba wenye kivuli, pamoja na kuvumwani, penye udongo kiganja kimoja tu au hata usiojaa kiganja.

Mwaka 1892, wakati Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani, mtawala wa wilaya ya Tanga alikuwa mtu aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire. Aliukuta mmea huu akapeleka kwao Ujerumani kwa baba yake, ambaye alikuwa mpenzi wa mimea. Baba akampa mtaalamu Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland akaupa jina la kitaalamu, Saintpaulia, yaani jina la ukoo wa yule mtawala. Aliyeutoa msituni kwa mikono yake, kama alikuwa mchukuzi au mwenyeji aliyeonyesha njia, hatajwi popote nilipotafuta. Mimi jambo hilo lilinikaa moyoni, lakini tuendelee.

Mbegu zikafika kwa wauza mbegu wa Ulaya. Miaka ya 1920 zikavuka bahari mpaka California, na mwaka 1927 kampuni ya Armacost na Royston ya Los Angeles ikatoa aina kumi za kwanza zilizochaguliwa kwa uzuri wake. Kuanzia hapo Wamarekani wakashikwa na mapenzi ya ua hili. Wana chama chao kabisa, kilichoanza mwaka 1946, ambacho kinaandika majina ya aina mpya kama vile sisi tunavyoandika watoto wa ubatizo kwenye kitabu cha parokia. Msicheke, ni kweli! Kila aina ina jina, na jina la aliyeizalisha.

Sasa lile la kutambaa. Violeti ya kawaida hukaa kama sahani, majani yamejipanga duara na maua katikati. Hili la kwenye picha lina shina linalorefuka, linajigawa matawi, linateremka kutoka kwenye chungu. Watu wa majumba ya ghorofa hulipenda maana halichukui nafasi, unalitundika tu. Tabia hiyo ya kutambaa haikubuniwa Marekani. Ilitoka kwa ndugu mmoja wa porini wa violeti hii, anayeitwa grotei kwa lugha ya wataalamu, ambaye kwao ni milima ya Usambara, Tanzania. Yeye shina lake ni jembamba na refu, hutambaa juu ya mawe. Wazalishaji walimchanganya na zile za nyumbani, wakapata watoto wanaotambaa na wenye maua mengi. Kati ya waliosifika kwa kazi hiyo ni Lyndon Lyon wa Dolgeville, jimbo la New York. Siku hizi yuko Ralph Robinson, wa jimbo hilohilo, ambaye aina zake huanza na jina la "Rob's". Mojawapo ya zile za kutambaa ni 'Rob's Vanilla Trail'.

Rangi ndizo zilizotokea mikononi mwa wakulima wenyewe. Waridi, nyeupe, maua yenye petali mbili mbili, zote zilijitokeza zenyewe kwenye vitalu, mtu mwenye jicho kali akaziona na kuzitunza. Kwa hiyo nisiwanyime haki yao. Walifanya kazi. Lakini kutambaa ni mali ya msitu.

Mnaweza kuuliza, aina mpya hutengenezwaje? Ni kazi ya subira kuliko ya mashine. Mtu huchukua chavua ya ua moja na kuipaka kwenye ua la mmea mwingine. Likikubali, kitumba kidogo hutokea, na huchukua kama miezi sita hata tisa kukomaa. Ndani yake mbegu ni kama vumbi la tumbaku. Akizipanda hupata miche mingi, na hakuna mmoja unaofanana kabisa na mwenzake, kama watoto wa nyumba moja. Husubiri ichanue, karibu mwaka mwingine. Halafu hutupa mingi sana. Labda miche mia, akabaki na mmoja au miwili. Huo mmoja huuzalisha kwa majani, kizazi baada ya kizazi, aone kama tabia yake inashika. Ikishika, ndipo huupa jina.

Hapa ndipo nilipomwelewa yule kijana na picha yake. Hata angenunua kila shina lililoko Mbololo, asingepata ua la kwenye simu! La kwenye simu lina damu ya Usambara, na limepita mikononi mwa watu miaka mingi. Letu ni jingine.

Ndiyo, letu. Hapa naomba msikilize vizuri. Katika milima yetu ya Taita kuna violeti ambayo wataalamu wameipa jina letu, teitensis, na msitu wa Mbololo peke yake ndio kwao. Haiko Ngangao wala Chawia, wala sehemu nyingine yoyote ya dunia. Na msitu wenyewe wa Mbololo umebaki kama hekta 200 tu. Wengine wetu hapa tumekata kuni humo, na wengine tumekunywa maji yanayotoka humo tangu tuzaliwe. Ndugu yake mwingine yuko Kilifi, kwenye miamba ya chokaa, sehemu kama Cha Simba na Mwarakaya, naye yuko hatarini kwa sababu mwamba ukivunjwa kwa mawe ya kujengea, hana pa kushika.

Mama yule niliyemweleza haya alishika kichwa. "Kwa hiyo tuling'oa arobaini ya kitu ambacho hakiko kwingine?"

Nikamwambia ndiyo, mama, ndivyo.

Sitaki mtu awahukumu. Shilingi 50 mara arobaini ni shilingi 2,000, na mwezi ule kulikuwa na karo. Mimi mwenyewe sina haki ya kurusha jiwe. Wengine mnakumbuka mwaka 2019 nilivyokishauri kikundi kimoja kupanda maua ya vyungu na mitende midogo ya kuuzia hoteli za pwani. Nilizunguka na daftari langu, nikapiga hesabu nzuri, nikawafanya wakope. Machi 2020 ugonjwa wa korona ukaingia nchini, hoteli zikafunga milango, na vyungu vikabaki vimepangwa nyuma ya kanisa mpaka mbuzi wakamaliza. Deni walilipa kwa kuku na kwa machozi. Korona sikuileta mimi, lakini ni mimi niliyewaambia waweke mayai yote kwenye soko moja walilokuwa hawalijui. Tangu siku ile nikisikia "mnunuzi atakuja", swali langu la kwanza ni moja: ameacha nini mkononi? Kama hakuacha hata karatasi, huyo bado si mnunuzi.

Sasa mambo ya sheria, kwa ufupi, maana mwanasheria mimi siye.

Kuchukua mmea kwenye msitu unaolindwa bila ruhusa ni kosa. Hiyo ndiyo ya kwanza, na wengi wenu mnaijua kwa habari ya mkaa. Ya pili: mtu akitaka mmea wa porini wa Kenya kwa ajili ya utafiti au kutengeneza kitu cha kuuza, kuna kanuni za mwaka 2006 zinazomtaka apate kibali cha NEMA, na kabla ya hapo apate ridhaa ya wenye mali. Wenye mali ni pamoja na nyinyi mnaokaa pale. Kanuni hizo zilitokana na mkataba wa mataifa juu ya viumbe hai wa mwaka 1992, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1994, na tena baadaye kukaja Itifaki ya Nagoya iliyoanza kutumika mwaka 2014. Maneno ni mengi, lakini maana yake ni kwamba anayechukua sharti aombe, na faida sharti igawanywe.

Kijana mmoja aliniuliza, je, Usambara watalipwa kwa ile ya mwaka 1892? Nilimjibu kwamba mikataba hii haikuandikwa ili kurudi nyuma hadi siku za Wajerumani. Hakufurahi. Na mimi sikufurahi kumjibu hivyo.

Ya tatu ni juu ya aina mpya zenyewe. Kuna aina ambazo mzalishaji amezipatia haki, na hapa Kenya haki hizo husimamiwa na KEPHIS. Yenye haki huruhusiwi kuizalisha na kuiuza bila idhini yake. Lakini kule kuandikwa jina kwenye chama cha Wamarekani si hati ya kumiliki. Ni jina tu, watu wasichanganyikiwe. Na mtu akikuambia atakuletea majani kutoka ng'ambo kwenye bahasha, mkatalie. Mmea ukiingia nchini unahitaji kibali cha KEPHIS na cheti cha afya kutoka kule unakotoka. Si ukali wa bure. Mdudu mmoja aliyejificha chini ya jani anaweza kufika mpaka kwenye mashamba yetu ya mboga.

Basi je, akina mama wanaotaka kupanda maua waache? La, sikusema hivyo. Violeti za kawaida zinauzwa kwenye vitalu vya Nairobi na Mombasa, na zimezaliwa kwenye vyungu, hazikutoka msituni. Mtu anaweza kununua mmoja akaanza. Hata la kutambaa ukilipata kwa muuzaji anayeeleweka, lichukue, lakini muulize kwanza kama lina haki ya mzalishaji.

Njia ni hii, na nimeijaribu dirishani mwangu. Chagua jani la katikati, si lile changa la juu wala lile zee la chini. Likate pamoja na kikonyo chake cha urefu wa vidole viwili, kwa wembe safi, uukate kwa mshazari. Chukua mkebe mdogo, utoboe chini, weka mchanga wa mto uliooshwa na mboji iliyooza sawasawa, nusu kwa nusu. Samadi usitie, itachoma. Chomeka jani, mwagilia kidogo, funika kwa karatasi ya nailoni inayoonyesha ndani, weka penye mwanga lakini jua lisiligonge. Baada ya wiki tatu au nne mizizi itakuwa imetoka. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona visikio vidogo vya kijani vinachungulia chini ya jani. Kila kisikio ni mche. Utangoja miezi mingine sita au zaidi upate ua.

Maji ndiyo yanayowaua wengi. Watu humwaga juu kama wanamwagilia sukuma wiki. Maji baridi yakikaa juu ya jani huacha madoa, na yakikaa kwenye moyo wa mmea, unaoza. Weka maji kwenye kisahani chini ya chungu, yaliyokaa ndani ya nyumba usiku kucha, mmea unywe kwa nusu saa, halafu mwaga yaliyobaki. Subiri udongo ukauke juu ndipo unyweshe tena. Kwa lile la kutambaa, tumia chungu kipana kisicho na kina, na ncha ya shina uifinye kwa kucha ili litoe matawi. Usipofinya litakuwa na shina moja refu kama mjusi. Wamarekani kwenye mashindano yao hawalikubali kabisa likiwa na vichwa chini ya vitatu.

Aina zenye mistari kwenye petali, rangi mbili zimepangwa kama gurudumu, hizo hazifuati njia ya jani. Ukipanda jani lake unapata ua la kawaida la rangi moja. Kwa hiyo msimwahidi mteja.

Na soko? Nitasema wazi. Ni dogo. Ni la watu wa mjini wenye dirisha na muda, ni la zawadi, ni la siku ya akina mama. Kikundi cha watu ishirini hakiwezi kulipa karo kwa violeti. Mtu mmoja au wawili wenye mkono mwepesi wanaweza kupata pesa ya sabuni na sukari, na wakiwa na mteja wa kudumu labda zaidi. Waanze na mikebe kumi. Wasikope hata shilingi. Kama kuna kikundi kinachotaka kukopa kwa ajili ya maua, kije kwangu kwanza, nitakionyesha mahali vyungu vile vilipokuwa.

Nirudi kwenye karai.

Tulikaa siku mbili tukishauriana, mimi na mama huyo na wanakikundi wenzake. Wengine walitaka wayatupe mashina usiku, wakasema kimya kimeisha. Mama mmoja kijana akasema hapana, tukiyatupa tutakuwa tumeiba mara mbili. Padre naye tulimweleza, akasema twende kwa afisa wa misitu wenyewe kabla hajaja yeye. Tukaenda akina mama saba na mimi, karai limefunikwa kanga. Nakwambia miguu ilikuwa mizito.

Afisa aliangalia muda mrefu. Alituuliza yalitolewa wapi hasa, mwamba upi. Hakumshika mtu. Alichukua maelezo ya yule kijana, sura na namba ya simu, ambayo ilikuwa haipatikani tena. Kisha akasema kesho asubuhi tupande naye.

Kati ya arobaini, ishirini na tatu yalikuwa yamekwisha oza, mizizi meusi. Kumi na saba tuliyarudisha. Tulipanda tangu saa moja asubuhi, na wale akina mama walijua kila mwamba, huyu anasema mimi nilitoa hapa, yule anasema mimi pale kwenye ufa. Tuliyashikiza kwa kuvumwani na udongo kidogo, pale pale yalipotoka, maana afisa hakutaka tuyaweke penye urahisi. Kulikuwa na ukungu. Mama mwenyekiti alipiga magoti kuliko tulivyopiga sote, kwa sababu ya goti lake bovu alikuwa akishindwa kuinuka haraka, akaona ni heri akae hukohuko chini.

Baada ya mvua kuanza tulirudi kuhesabu. Tisa yalikuwa hai. Mawili yana machipukizi. Kikundi hicho sasa hupanda kila mwezi wawili wawili, pamoja na mtu wa chama cha jamii cha kutunza msitu, na wanaandika kwenye daftari. Mara ya mwisho walinipigia simu wakasema kwenye ufa mmoja walikuta shina lingine ambalo hawakulipanda wao, dogo, majani manne. Mwezi ujao ni zamu ya mama kijana yule na mume wake. Anayetaka kufuatana nao aandikishe jina kwa katibu kabla hatujaondoka, na aje na viatu vya mvua.